Mjibu kwenye daftari, naye ataongea: namna ya kusifu kazi ya mwanafunzi na kuipa uzito kauli yake

Mwalimu mwenzangu, chukua daftari la mwanafunzi wa katikati, yule asiyeshika nafasi za juu wala mkia. Pekua kurasa zake utazame ulichomwandikia. Aghalabu utakuta vema, mkasi, alama, na pengine "Jitahidi" kwa wino mwekundu. Hakuna mstari unaomwonyesha kwamba mtu alikaa akaisoma kazi yake. Na huyo ndiye tunayemlalamikia ofisini kwamba hanyooshi mkono wala haulizi swali. Aongee na nani, ikiwa alichoandika hakijawahi kujibiwa?

Ndiyo maana nikitaka darasa liongee ninaanzia kwenye madaftari.

Tuseme umetoa swali la sehemu: 1/2 + 1/3. Mwanafunzi ameandika 3/6 + 2/6, kisha jibu lake ni 5/12. Mkasi mmoja unatosha kumwambia amekosa, lakini ndani ya hesabu ile kuna kazi nzuri inayopotea. Mimi humwandikia hivi: "Umebadilisha sehemu zote mbili zikawa na asili 6 kabla ya kujumlisha. Hiyo ndiyo hatua ngumu, na umeipata. Sasa chora mstatili, ugawe mara 6, utie rangi visanduku 3 kisha 2. Je, visanduku vyote vimekuwa 12?" Hapo nimetaja alichofanya, nimesema kwa nini kina maana, na nimempa kazi ya kufanya. Jibu sahihi sikumwandikia. Atalifikia mwenyewe, na akilifikia ni lake.

Kwenye insha ni vivyo hivyo. Badala ya "Kazi nzuri", mwandikie kwamba aya ya pili imemfanya msomaji aione mvua kabla haijatajwa, halafu umuulize kwa nini aya ya tatu inarudia maneno yale yale. Sifa isiyo na mahali pa kushika humpendeza mtoto kwa dakika moja tu, kisha hajui arudie nini kesho.

Epuka kumsifu kwa akili. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa na akili, walipokutana na maswali magumu, walivunjika moyo kuliko wale waliosifiwa kwa bidii. Nami naona sababu yake kila muhula: mtoto aliyeambiwa ana akili huogopa swali linaloweza kumvua sifa hiyo. Hata bidii usiitaje hewani. Taja hatua: amefuta akaanza upya, amehakiki jibu lake kwa njia ya pili, amemwomba mwenzake amweleze.

Ukiweza, rudisha maoni kwanza na alama baadaye. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Wala haishangazi. Mtoto akiona 4/10 macho hayashuki tena kwenye maandishi. Anageuka kutazama jirani kapata ngapi. Darasa likiwa kubwa, usijaribu kumwandikia kila mtu kila siku. Chukua safu moja leo, nyingine kesho, na wanafunzi wajue zamu yao ni lini.

Wako pia wasiopenda kusifiwa mbele za watu. Hao waambie kwa sauti ya chini unapopita kati ya madawati, au waachie kwenye daftari. Nadhani walimu tunawasahau sana hawa.

Sasa waulize

Ukiuliza swali darasani, ngoja. Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili katika miaka ya 1970, alikuta kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakashiriki. Sekunde 3 za kimya ni ndefu mno kwa aliyesimama mbele. Hesabu moyoni, ustahimili.

Mwisho wa kipindi, gawa vikaratasi visivyo na jina, wajibu mambo mawili: nini kimekusaidia kuelewa leo, na wapi umepotea? Watakuandikia mambo madogo yenye uzito. Ubao unafutwa kabla walio nyuma hawajamaliza kunakili. Wanaojibu ni wale wale. Mfano wa kwanza umeeleweka, wa pili umekwenda mbio.

Visome siku hiyo hiyo, na kipindi kinachofuata uanze kwa kuvijibu. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wetu hupaacha. Sema lipi utabadilisha kuanzia leo, lipi huwezi kulibadilisha na kwa nini, na lipi unahitaji msaada wao. Kwa mfano: "Kuanzia sasa sifuti ubao mpaka kiongozi wa safu ya nyuma anyooshe mkono. Muda wa kipindi siwezi kuuongeza, ratiba ni ya shule nzima." Ukikusanya vikaratasi mara mbili bila kutoa jibu, mara ya tatu utapewa karatasi tupu, na watakuwa na haki.

Kikaratasi kikidokeza kwamba mtoto anaumizwa, nyumbani au shuleni, usikisome mbele ya darasa wala usianze kumsaka mwandishi kwa mwandiko hadharani. Kipeleke siku hiyo hiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni.

Wapo watakaosema watoto hawapaswi kuulizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kupewa uzito si kukubaliwa kila kitu. Mtoto anaweza kukataliwa ombi lake na bado akaondoka akijua amesikilizwa, mradi ameelezwa sababu.

Baraza la wanafunzi nalo lifuate utaratibu huo. Lipeni jambo lenye uamuzi ndani yake: kanuni za maktaba, mpangilio wa zamu za usafi, siku za mazoezi ya kabla ya mtihani. Mkimaliza kikao, bandikeni ubaoni kilichokubaliwa, nani atakitekeleza na lini. Lililokataliwa nalo libandikwe papo hapo pamoja na sababu yake, likiwa na saini ya aliyelikataa.