Kuhesabu chembe nyeupe kwenye slaidi ya damu bila kudanganywa na asilimia

Hatua ya 1. Geuza taratibu chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau (ina dawa ya kuzuia damu isigande) mara 8 hadi 10, usiitikise. Paka slaidi mapema: damu ikikaa saa nyingi, monosaiti hutoboka matundu na viini vya neutrofili hulegea (zote mbili ni aina za chembe nyeupe).

Hatua ya 2. Weka tone la mikrolita 2 au 3. Shika kioo cha kupakia kwa nyuzi 30 hadi 45, acha damu itambae ukingoni, kisha sukuma mara moja bila kusita. Damu nyepesi ya mwenye anemia huhitaji pembe kubwa zaidi.

Hatua ya 3, kukausha. Hapa ndipo unyevu wa Mombasa huharibu kazi, hasa wakati wa masika. Slaidi ikichelewa kukauka, au methanoli (kimiminika cha kugandisha chembe kwenye slaidi) ikiwa imenyonya maji ya hewani, chembe nyekundu hutokea na vitobo vinavyong'aa, na mgeni wa hadubini huvidhania vimelea. Tumia feni, si pumzi ya mdomo. Methanoli ya siku imimine kwenye chupa ndogo, ufunge kila mara. Kisha zamisha slaidi humo dakika 2.

Hatua ya 4. Mwagia slaidi rangi ya Leishman, inayoonyesha chembe, dakika 2, ongeza maji ya bafa (yanayodumisha kiwango cha asidi) ya pH 6.8 mara mbili ya rangi, subiri dakika 8 hadi 10, suuza. Slaidi ikitoka buluu mno, bafa ina alkali. Maji ya kisima hayafai kabisa.

Hatua ya 5. Kwa lenzi ya 10 tafuta mahali chembe nyekundu zinapokaribia kugusana, halafu hesabu chembe nyeupe 100 kwa lenzi ya mafuta. Usikwepe kingo za damu iliyopakwa: chembe kubwa hukimbilia huko.

Hatua ya 6. Zidisha asilimia ya kila aina kwa jumla ya chembe nyeupe. Tuseme jumla ni 3,000 kwa mikrolita, limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) 60%, neutrofili 30%. Ukiandika "limfosaiti zimepanda" umepotosha: ni 1,800, za kawaida. Zilizoshuka ni neutrofili, 900 tu. Kwa mwenye homa hapa Pwani, dengi ni mojawapo ya sababu za kufikiriwa. Neutrofili zikiwa chini ya 500, mpigie daktari kabla hujaandika ripoti.

Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikizidi 500 kwa mikrolita, fikiria minyoo, kichocho, pumu au mzio. Ukiona punje za hudhurungi ndani ya neutrofili, ziandike hata kama hujaona kimelea: ni mabaki ya rangi yanayoachwa na vimelea vya malaria, na zikiwa nyingi huenda ugonjwa ni mkali.