Sungura wa nazi, kutoka kibandani hadi chunguni

Juzi magharibi jirani yangu wa hapa Barani, Malindi, alinipigia hodi akiwa amempakata sungura mweupe, mzito, macho mekundu kama shanga. Mwanawe alianza kuwafuga kwa mradi wa shule, sasa wamezaana mpaka vibanda havitoshi. "Dada, hebu nambie huyu anapikwaje. Nilipika mmoja Ijumaa, watoto wakamtafuna kama kandambili."

Nikamuuliza: ulichinja saa ngapi, na ukateleka saa ngapi? Alichinja saa nne, saa tano nyama iko motoni. Nikacheka, maana kosa hilo nimelifanya na mimi, tena siku nina wageni kumi na mbili mezani. Tulimpika pamoja kesho yake, na niliyomwambia ndiyo haya.

Kabla ya yote: wa porini hapana

Ukitaja sungura hapa Malindi hakosi mtu wa kukuuliza, na wale wa porini je, wa huku Kakuyuni au kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke? Ndio watamu hasa! Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikumwachia nafasi hata anayesema anawinda kitoweo cha nyumbani tu. Ni kosa, lina faini na lina jela. Na hata sheria isingekuwepo, tanzi la waya halina macho. Wewe umemtegea sungura, linamnasa paa nunga, ambaye hata huko msituni ni wa kuhesabu. Ukilisahau linaendelea kuua, na mzoga unaozea palepale.

Lakini siwezi kujifanya mapishi haya yalianzia kibandani. Babu yangu aliwinda kabla ya marufuku, kwa mbwa na wavu, na bibi ndiye aliyekuwa akipika. Sungura wa porini ni mnyama mwingine kabisa, si huyu wa kufuga aliyetoroka. Miguu na masikio yake ni marefu zaidi, na nyama yake ni nyekundu iliyokoza. Huyu wa kufuga asili yake ni Ulaya na nyama yake ni nyeupe, inakaribia ya kuku. Kwa hiyo nimepunguza viungo vya bibi, maana vingine vilikuwa vya kuua harufu ya porini, na huyu hana harufu hiyo.

Jambo moja zaidi. Kwetu Masuni sungura ni halali, na hadithi ya swahaba Anas kuhusu sungura aliyekimbizwa Marr al-Dhahran, karibu na Makka, paja lake likapelekwa kwa Mtume, wengi wanaijua. Mashia hawamli. Ukialika watu uliza kwanza, usisubiri mpaka sahani ziko mezani.

Hatua ya 1: Chagua

Miezi minne hadi mitano, kilo mbili hadi mbili na nusu akiwa hai. Ukishamchuna utabaki na karibu nusu ya hapo. Aliyezeeka utamjua kwa kucha ndefu zilizopinda na masikio magumu. Naye analiwa, ila mwongezee saa nzima motoni. Usiku wa kuamkia kuchinja mnyime majani, maji mwachie, maana tumbo lililojaa ni taabu kulitoa.

Hatua ya 2: Chinja, chuna, safisha

Kuchinja sielezi. Kama hujui, mwite anayejua, na kisu kiwe kikali.

Mchune angali na joto, umemning'iniza kwa miguu ya nyuma. Kata ngozi kuzunguka vifundo, pasua kwa ndani ya mapaja mpaka yakutane, kisha vuta kuelekea chini kama unavyomvua mtoto fulana iliyolowa. Mkono mmoja ushike manyoya, mwingine ushike nyama, na isiwe mkono mmoja unafanya kazi zote mbili. Unyoya ukishagusa nyama hautoki kwa maji, utakesha unauchomoa kwa kucha. Mimi natumia kisu kifupi cha kumenyea viazi. Wenye visu virefu vya bucha nawaona wakitoboa matumbo kila mara.

Kupasua tumbo, inua ile ngozi nyembamba kwa vidole viwili, toboa kidogo, kisha pitisha kisu ncha ikitazama juu. Kibofu kishike kwa juu ukibane ndipo ukikate. Ini litoe zima na ulitazame mwangani. Linatakiwa liwe jekundu jeusi na laini, rangi moja. Ukiona vidoa vyeupe au vya manjano vimetapakaa kama punje za mchele, huo ni ugonjwa wa vibanda vichafu. Ini hilo tupa, na mwambie mwenye sungura asafishe vibanda na awape dawa waliobaki. Nyongo ni kifuko cha kijani kimejibanza kwenye ini. Ikate pamoja na kipande cha ini, usijaribu kuibandua. Ikipasuka, osha hapohapo na kata sehemu yote iliyopakwa rangi.

Kwapani na karibu na mkia kuna vitezi vidogo vya rangi ya nta. Vitoe, ndivyo vinavyoleta harufu ambayo watu hudhani ni ya nyama yenyewe.

Hatua ya 3: Iache nyama

Hapa ndipo jirani alipopotea, na ndipo mimi nilipoaibika.

Nilikuwa napika kwenye nyumba moja ya wageni huku pwani, wageni Waitaliano, na wao sungura wanamjua tangu utotoni. Nikaletewa watatu asubuhi, wabichi kabisa, nikajisifu moyoni: leo watakula kitu kimetoka kibandani moja kwa moja! Saa tano nimeteleka, saa saba nachoma uma, unarudi. Nikaongeza tui. Saa nane uma unarudi. Nikaongeza moto, tui likakatika, mafuta juu, maji chini, na nyama katikati inacheza kama mpira. Wakala tambi kwa mchuzi wa nyanya. Mpishi mkubwa pale, mzee wangu kabisa, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, maiti ya binadamu si hukakamaa? Basi na huyu je?"

Ndiyo habari yenyewe. Mnyama akishakufa, baada ya muda mfupi misuli hujikaza. Ukiipika nyama ikiwa imekaza, moto unaikaza zaidi na haitalegea hata uipike mpaka alasiri. Inatakiwa ikaze, kisha ilegee yenyewe, na hilo linataka usiku mzima na zaidi, mahali pa baridi.

Hapo ndipo nilipomwelewa babu. Sungura wake hakuwa laini kwa ajili ya pori. Alimnasa alfajiri, akatembea naye mchana kutwa akirudi, akafika jioni, na bibi akamtundika chini ya makuti juu ya moshi mpaka kesho yake. Mapumziko yalikuwa njiani, na hakuna aliyeyahesabu kama sehemu ya mapishi. Huyu wetu wa kibandani yuko hatua kumi kutoka jikoni, ndiyo maana tunamharakisha.

Moshi wa bibi lakini usiuige. Joto letu, hasa kuanzia Januari hadi Machi, ni la kuoza. Fanya hivi:

Baada ya kuosha, kausha nyama kwa kitambaa safi na uiache nzima, usiikate vipande. Ikikatwa mapema, kila kipande kinajikunja peke yake. Iache kivulini penye upepo, umeifunika kitambaa cha kuzuia nzi, kama nusu saa tu, itoke joto la mwili. Kisha iingie friji. Nasema friji, si friza. Ukiigandisha ingali na joto, baridi ya ghafla nayo inaikaza, na hiyo haitengenezeki tena. Nilijaribu mara moja kwa sababu ya haraka na sirudii. Ikae kwenye bakuli lenye kifuniko, chini kabisa ili isidondoshee vyakula vingine, mpaka kesho wakati kama huo. Siku mbili ni bora. Zaidi ya hapo sijaona faida.

Utajua iko tayari ukishika mguu wa nyuma na kuukunja. Ukikataa kama mti, bado. Ukienda na kurudi kwa ulaini, tayari.

Huna friji? Jirani yangu hana. Tulichukua ndoo yenye kifuniko, tukanunua barafu kwa wauza samaki, tukaweka nyama ndani ya mfuko uliofungwa vizuri juu ya barafu, na usiku tukamwaga maji na kuongeza barafu mara mbili. Nyama isiogelee kwenye maji, inapauka na kupoteza ladha. Stima ikipotea, fanya vivyo hivyo, na usiwe unafungua friji kila saa kuchungulia.

Na kama barafu pia hakuna? Basi usichinje leo. Wapo wanaosema ukimpika papo hapo kabla hajakaza, ndani ya dakika ishirini, anakuwa laini. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilikubali, ya pili ilikuwa kiatu. Papai bichi pia linasaidia, nusu kijiko cha lililosagwa kwa sungura mzima, nusu saa tu kabla ya kupika. Ukizidisha, nyama ya juu inakuwa uji na ya ndani ipo vilevile. Mimi papai naliacha kwa nyama ya ng'ombe.

Jirani alipendekeza tuiloweke kwenye maji ya bahari kwa vile yana chumvi. Hapana. Kama unataka kuiloweka, lita moja ya maji safi na vijiko viwili vya mezani vya chumvi, saa mbili za mwisho kabla ya kupika, ndani ya friji au kwenye barafu. Hiyo inasaidia mgongo usikauke, maana sungura hana mafuta ya kumlinda.

Hatua ya 4: Kata

Vipande vinane: mikono miwili, mapaja mawili, mbavu mbili, mgongo mara mbili. Fuata viungo. Ukipiga panga mifupa inavunjika vishale, na mtoto akikwamwa utajilaumu.

Hatua ya 5: Chunguni

Chungu cha udongo, jiko la makaa. Presha kuka siitaki kwa sungura. Inamlainisha mpaka mgongo unakuwa nyuzi huku paja bado, na huwezi kuonja katikati.

Nazi mbili zilizokomaa kwa sungura mmoja. Zikune kwa mbuzi ya kukunia nazi, kamua kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu, hilo ndilo kasimile, liweke kando. Rudia machicha kwa maji mengi mara mbili upate tui jepesi. Ya pakiti itakutoa njaa, basi.

Kaanga vitunguu maji viwili mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia thomu na tangawizi iliyopondwa, manjano nusu kijiko, bizari nzima kidogo, mdalasini kijiti kimoja. Weka nyama uigeuze ibadilike rangi. Nyanya mbili tu, si mchuzi wa nyanya huu. Mimina tui jepesi lifunike nyama, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, punguza makaa, funika. Saa moja na robo kwa kijana, saa mbili na zaidi kwa mzee. Vipande vya mgongo vitoe baada ya dakika arobaini, uvirudishe mwisho. Ini litie dakika tano za mwisho, likizidi linakuwa kama mchanga.

Nyama ikishaachia mfupa, fungua kifuniko, mimina kasimile na ukoroge polepole bila kuacha, moto wa chini kabisa, dakika kumi. Hapa usifunike na usiache ichemke kwa nguvu, ndipo tui linapokatika. Ndimu ikamulie chungu kikishateremka, si kabla.

Wa kanga na kware

Wataniuliza tu, basi niseme. Kanga na kware nao kisheria ni wanyamapori, kuwafuga kunataka leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kama waliovamia biashara ya kware miaka ile ya 2013 na 2014 walivyokuja kujua. Ukimpata kanga kwa mfugaji mwenye leseni, hatua ya tatu ni ileile, na kupika ongeza nusu saa. Kware hahitaji lolote, robo saa juu ya makaa na ndimu.

Jirani yangu alipakua kwa sima, mimi napenda wali mweupe kwa sababu mchuzi wenyewe una nazi tayari. Watoto walimaliza chungu. Yule mwenye mradi wa shule peke yake ndiye aliyekula mchuzi mtupu, nyama akaisukuma pembeni, akauliza kama yule mwenye doa sikioni bado yupo kibandani. Yupo.