Kabla hujabadilisha mpira wa mlango wa gereji

Nikisema gereji sikusudii kwa mafundi wa magari. Nakusudia kile chumba cha pembeni mwa nyumba kilichojengwa kwa ajili ya gari, ambacho wengi wetu hapa Unguja tumejaza kila kitu isipokuwa gari: saruji, baiskeli za watoto, majamvi ya shughuli, friji iliyokufa. Mlango wake wa chuma una mpira chini, na mingine ina mipira pembeni na juu. Jua na chumvi ya bahari vikishaula, unakuwa mgumu, unapasuka, unakatika vipande, na hapo maji, mchanga, mende na panya wote wanapata njia. Kuubadilisha si kazi kubwa. Kinachoumiza watu ni yale waliyoyaruka kabla ya kuanza.

Wakati kwanza. Fanya kazi hii Januari au Februari, kaskazi inavuma na sakafu imekauka. Usingoje Machi masika yameshabisha hodi, gundi haishiki kwenye saruji yenye unyevu hata uombe dua. Na anza asubuhi, si alasiri, maana mpira wa zamani ukishautoa huna mlango tena, una mwanya.

Pili, na hili nitakaa nalo: jua maji yanatoka wapi.

Mwaka juzi wakati wa vuli maji yaliingia gereji kwangu, kidogo tu, vidimbwi viwili karibu na mlango. Nikaona mpira wa chini umeliwa, nikasema basi, mkosaji huyu hapa. Nikenda sokoni Darajani, nikanunua mpira wa chini pamoja na ule mkanda wa sakafuni, unaogandishwa kwenye saruji ukawa kama tuta dogo ambalo mlango unalikalia. Nikaubandika mwenyewe, vizuri sana. Jirani yangu, mzee wa heshima asiyeamini kazi ya mtu, akaja na ndoo mbili za maji akazimwaga nje ya mlango. Hata tone halikupita. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hapa umepatia." Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Masika yakaingia. Nilikuwa na mifuko 14 ya saruji ya kumwagia linta za nyumba ya nyuma, nikaipanga chini sakafuni, kwani maji yatapita wapi? Ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nafungua mlango, ule unapanda, na maji yananitoka miguuni kama nimefungua bwawa. Hayakutoka njiani hata kidogo. Gata la paa upande wa nyuma lilikuwa limeziba kwa majani ya mwembe, maji yakafurika, yakateremka ukutani, yakapenya kwenye tundu la bomba la nyaya za umeme, yakajaa ndani. Kumbe na vile vidimbwi vya vuli vilitoka huko huko, vikakusanyika mlangoni kwa sababu sakafu imeinamia huko. Miaka yote maji yale yalikuwa yanaingia nyuma na kutokea mbele, chini ya mpira uliochakaa, na mie sijui. Safari hii nimeyafungia ndani kwa mkono wangu. Mpira haujui nje ni upande gani.

Mifuko 9 iligeuka mawe. Mmoja bado upo uani, umebaki na umbo la mfuko mpaka mikunjo ya karatasi inaonekana, watoto wanaukalia wakila maembe. Jirani alipouona hakusema kitu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, ngoja mvua moja nzuri, ingia ndani na tochi, funga mlango, kaa nusu saa. Tazama kuta, tazama dari, tazama pembe za nyuma, kisha ndiyo utazame mlango. Kama hakuna mvua, chukua mpira wa maji umwagie upande mmoja mmoja kwa zamu. Maji yakitoka ukutani, kazi yako ni gata na ukuta, mpira usubiri. Yakitoka kweli chini ya mlango, endelea, lakini ukiweka ule mkanda wa sakafuni acha njia ya maji kutoka, na vitu vyako vipandishe juu ya vichaga. Vichaga vya mbao havikosekani bandarini.

Tukiwa bado ndani na mlango umefungwa: mchana, angalia mwanga unapopenya. Mwanga ukionekana katikati tu na pembeni hakuna, tatizo ni sakafu iliyobonyea, na mpira wa kawaida hautaziba. Sawazisha sakafu kwanza au tafuta mpira mnene. Weka karatasi chini ya mlango, funga, vuta. Ikitoka kilaini, hapo mpira haubani.

Upime. Si kwa macho, wala si kwa hatua. Milango mingi hii imekuja kwenye makontena kutoka Dubai, mingine imeshatumika, na hakuna anayejua asili yake. Mpira wa chini mara nyingi una masikio mawili yanayopita kwenye reli ya alumini, na ya milango ya mtindo wa Kimarekani hupimwa kwa inchi: robo inchi, au 5/16, yaani milimita 6 na 8 hivi. Ukikosea kati ya hizo mbili, ama hauingii ama unachomoka. Kata kipande cha ule wa zamani, urefu wa kidole, nenda nacho dukani. Muuzaji atakwambia, "Kaka, yote sawa hii." Si sawa. Na usiung'oe wa zamani wote mpaka kipande cha mpya umekijaribu kwenye reli kikapita.

Nunua uliozidi upana wa mlango kwa sentimita 5, ukate mwisho. Ukiuleta nyumbani umekunjika, utandaze juani saa moja ulegee. Mnapoupitisha kwenye reli muusukume, msiuvute. Muwe wawili, mmoja analisha, mmoja anaongoza. Mpira uliovutwa unarudi wenyewe baada ya siku chache na pembe zinabaki wazi, ukaona kama umeibiwa.

Reli isafishwe kwa brashi ya waya na maji baridi yasiyo ya chumvi. Ukavu wa reli unakera, najua, na mkono utakwenda wenyewe kwenye kopo la oili. Uzuie. Mipira mingi ya milango haipatani na mafuta ya petroli, oili wala grisi. Inavimba na kulegea. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji, basi.

Silikoni nayo. Ile inayonuka siki ukiifungua inatoa asidi inapokauka. Kwenye bati lililopakwa zinki, na sisi hapa hewa yenyewe imejaa chumvi, unaikaribisha kutu kwa mikono miwili, na kwenye saruji haishiki sawasawa. Omba isiyo na asidi, hata ikiwa bei juu. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Sasa sikiliza hili, na hapa sitanii. Chini kabisa ya mlango, kila upande, kuna kibati kilichoshika waya wa chuma unaopanda mpaka kwenye springi. Mlango ukiwa umefungwa, kibati kile kinabeba mvuto wote wa springi. Reli ya mpira inaishia pembeni yake, na mtu mwenye bisibisi mkononi anatamani akilegeze kidogo tu ili apate nafasi. Usikiguse. Waya ule ukiruka unachukua vidole. Mpira ukikataa kutoka bila kukifungua, mwite fundi aliyezoea milango hiyo, na umwangalie kama anakaribia kibati kile bila ya kulegeza springi kwanza. Akifanya hivyo mlipe nauli aende zake.

Mlango wenye mota, chomoa umeme kwanza. Ukimaliza, mpira mpya ukiwa mnene mota inaweza kudhani imegonga kitu na kuurudisha mlango juu. Ni kurekebisha kituo chake cha chini, mlango haujaharibika.

Jengine ni jenereta. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokosekana miezi mitatu, wanajua namna tulivyozoea kuziwasha popote. Gereji iliyokuwa na mianya ilikuwa inatoa moshi wenyewe, ingawa hata hapo haikuwa salama. Ukishaiziba, usiwashe jenereta wala gari humo ndani na mlango umefungwa, hata dakika tano. Ile kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na chumba cha watoto kinaweza kuwa upande wa pili wa ukuta.

Rangi na petroli pia vitoe, mvuke wake hauna pa kupita tena. Nguo mbichi usianike humo. Na jioni kabla hujashusha mlango, angalia nyuma ya friji kama paka yumo, maana ule mwanya aliokuwa akipitia umeshauziba.