Kabla ya Kupanda Museum Hill: Mambo ya Kuzingatia Unapokwenda Makumbusho ya Taifa Nairobi

Wageni wengi hutoka Makumbusho ya Taifa Nairobi wakiwa wameshiba ndege, tembo na nyoka, lakini chumba cha mafuvu ya zamadamu, yaani watangulizi wa kale wa binadamu, wamekipita kwa dakika tano, hoi, watoto wakiwavuta mkono. Ni hasara kubwa. Chumba hicho ndicho kinachowatoa wataalamu makwao ng'ambo hadi Nairobi, na ndicho kinachotaka kichwa kisichochoka. Karibu kila jambo la kuandaa linalofuata hapa lina shabaha moja: ufike mbele ya Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa zamadamu, ukiwa na miguu mizima, na pawe na nafasi ya kusimama bila kusukumwa.

Anza na saa. Milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, lakini thibitisha siku moja kabla, hasa karibu na sikukuu. Siku za wiki wakati shule zimefunguliwa, mabasi ya wanafunzi huanza kuingia katikati ya asubuhi. Ukumbi wa wanyama ni mkubwa na unaweza kuwameza watoto mia, ila chumba cha mafuvu hakiwezi. Likiingia darasa moja tu, wewe utaona visogo vya watoto. Kwa hiyo ama uwe mlangoni saa mbili na nusu, ama uje baada ya saa nane mchana, wakati shule za mbali zinapoanza safari ya kurudi. Mwezi wa Agosti na Desemba mabasi hupungua, ila familia huongezeka, na siku za Idi na Krismasi usitarajie utulivu hata kidogo.

Malipo humkwamisha mtu pale getini kuliko jambo lingine lolote. Serikali ya Kenya imehamisha malipo ya huduma zake kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma, kwa hiyo usiende ukitegemea noti mfukoni. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, usiku uliotangulia, kwa sababu aliyesahau neno la siri huligundua hilo foleni ikiwa nyuma yake. Weka salio la M-Pesa linalozidi kiingilio kidogo, maana kuna ada ya muamala, na ukishalipa piga picha ya skrini ya risiti ili mtandao ukikatika uwe na cha kuonyesha. Anayetoka Tanzania, Uganda au Burundi bila laini ya Kenya aje na kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, au apange mapema na mwenyeji wake amlipie.

Viingilio hutofautiana kati ya raia wa Kenya, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa nje, na tofauti si ndogo. Kinachoamua ni karatasi, si lafudhi yako. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, na mwanafunzi awe na kadi ya shule au chuo. Bustani ya Nyoka iko ndani ya eneo hilohilo lakini ina kiingilio chake. Ukijua utaiona, ulizia tiketi ya pamoja kabla ya kulipa ya kwanza. Mwalimu anayeleta darasa aje na barua yenye nembo ya shule, idadi ya wanafunzi na ya walimu imeandikwa wazi, na apige simu kabla ya kukodi basi.

Kufika si kazi. Kutoka katikati ya jiji, matatu za kwenda Westlands na Kangemi hupita hapo. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Museum Hill, la sivyo utajikuta Westlands. Anayetembea kwa miguu atumie vivuko vya waenda kwa miguu, asijaribu kukatiza barabara kwenye makutano yale, maana magari hutokea pande ambazo huzitegemei. Mwenye gari anayetumia barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway ana njia ya kutokea hapohapo.

Mavazi ni ya kufikiria kidogo. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi inayomshangaza mtu wa Mombasa au Dar. Vaa nguo unayoweza kuivua mchana. Viatu viwe vya soli laini: sakafu ngumu na mwendo wa hatua mbili-mbili huchosha kuliko kutembea kilomita nzima barabarani. Mkoba uwe mdogo, maana mabegi makubwa yanaweza kuzuiwa, na kwenye kumbi zenye vitu vya vioo begi la mgongoni humgonga mtu au kabati bila mwenyewe kujua. Mifuko ya plastiki acha kabisa. Imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Chukua daftari na penseli. Kalamu ya wino ikivuja au ikiteleza huacha doa lisilofutika, penseli haina madhara hayo. Atakayetaka kupiga picha za biashara, au aliye na kamera kubwa na stendi, aombe kibali kabla ya siku yenyewe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kujua kilichopo na kisichopo. Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, liko Dar es Salaam. Mifupa ya Lucy, zamadamu wa Ethiopia, iko Addis Ababa. Simba wala watu wa Tsavo, ambao wageni huwaulizia sana, wako Chicago, kwenye Field Museum, tangu miaka ya 1920. Kilichopo Nairobi ni makumbusho yaliyoanza mwaka 1910 na kufunguliwa kwenye kilima hiki mwaka 1930, wakati huo yakiitwa Coryndon, jina la gavana wa kikoloni. Ndani ya jengo moja utakuta mabaki ya zamadamu, ndege na wanyama waliohifadhiwa, zana na mavazi ya jamii za Kenya, historia ya nchi na michoro. Ni mengi mno kwa siku moja, kwa hiyo chagua matatu kabla hujatoka nyumbani, mengine yawe ya kupita.

Ukiingia, Ukumbi wa Kenya utakupokea kwa ramani ya nchi iliyotengenezwa kwa vipepeo. Itazame kisha endelea. Pita ukumbi wa wanyama bila kusimama, utaurudia, nenda moja kwa moja kwenye maonyesho ya chimbuko la binadamu.

Kabla ya kusoma maelezo, jifunze kusoma namba. Kila kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, kina alama inayoanza na KNM, yaani makumbusho ya Kenya. Herufi mbili zinazofuata ni mahali kilipopatikana: WT ni magharibi mwa Ziwa Turkana, ER ni mashariki mwa ziwa hilohilo, kwa jina lake la zamani la Rudolf. Namba ya mwisho ni ya kitu chenyewe. Ukishajua hivyo, KNM-WT 15000 haikuchanganyi tena: ndiye Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 karibu na mto mkavu wa Nariokotome, kuanzia kipande kimoja kidogo cha fuvu. Baada ya kuchimba, mifupa 108 ikapatikana.

Mtazame kuanzia chini. Mifupa ya mapaja ni mirefu na nyonga ni nyembamba, kiasi kwamba ukiufunika uso kwa kiganja chako ungedhani ni mtoto wa darasa la sita. Kisha panda taratibu hadi kichwani. Matuta juu ya macho yametokeza, paji limelala nyuma, na kidevu hakipo kabisa. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 880 hivi, ilhali wa mtu mzima wa leo hukaribia 1,350. Kwenye taya la chini palikuwa na uvimbe pale jino la utotoni lilipong'oka. Huenda usaha wa hapo ndio uliomuua, ingawa hilo halijathibitishwa. Umri wake una funzo pia. Ukipima kwa meno kama unavyompima mtoto wa leo, unapata miaka 11 au 12. Lakini uchunguzi wa tabaka za enameli, gamba gumu la nje la jino, umeushusha hadi miaka 8 hivi. Maana yake alikua haraka kuliko watoto wetu, akafikia urefu wa karibu mita 1.6 akiwa mdogo hivyo, zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita.

Kwenye mafuvu mengine, tafuta mishono. KNM-ER 1470, lililoonwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972, liliunganishwa kutoka vipande zaidi ya 150, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana uso wake ulikaa kwa pembe gani. Sehemu zenye rangi tofauti na laini ni za kujazia, si mfupa. KNM-WT 17000 nalo huitwa Fuvu Jeusi kwa sababu madini ya manganizi kwenye udongo yaliingia ndani ya mfupa na kuupaka weusi wa samawati. Rangi haihusiani na mwenyewe alipokuwa hai. Lina tuta kubwa juu ya utosi, na hapo ndipo misuli ya kutafunia ilipojishika. Weka vidole pembeni mwa kichwa chako, kati ya jicho na sikio, utafune, utaisikia misuli hiyohiyo ikicheza chini ya ngozi.

Soma kila kibao uone kama unatazama kisukuku halisi au nakala ya kalibu. Vitu halisi huondolewa mara kwa mara kwa utafiti au usalama, na nakala nzuri haina aibu yoyote, ila ni vizuri kujua. Maelezo mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo anayekuja na wazazi au watoto wasiokisoma ajiandae na maneno: kisukuku, zamadamu, taya, gego, tabaka. Akitaka mwongozaji, aulize pale mapokezi kama huduma hiyo imo kwenye tiketi au hulipiwa kando.

Hapo toka nje upumzike. Uchovu wa makumbusho si uvivu; Benjamin Gilman wa Boston aliuandikia makala mwaka 1916, na alionyesha kwa picha jinsi mtazamaji anavyolazimika kuinama na kujikunja ili asome vibao vilivyowekwa vibaya. Kila baada ya dakika 40 keti dakika kumi, kunywa maji nje ya kumbi, usisome chochote. Ni wakati mzuri wa kumtazama Ahmed, tembo wa Marsabit aliyewekwa chini ya ulinzi wa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ya faiba iko uani, na mifupa yake halisi iko ndani kwenye ukumbi wa wanyama; ona vyote viwili, maana sanamu hukupa umbo na mifupa hukupa uzito.

Ndege ni wengi mno, na anayejaribu kuwaona wote hamwoni hata mmoja. Njoo na majina matano ya ndege wa kwenu, tuseme kunguru, hondohondo, mwewe, kanga na heroe, utafute jamaa zao waliopangwa jirani. Hapo ndipo mpangilio wa kabati unapoanza kuzungumza.

Ghorofani kuna historia ya Kenya na maisha ya jamii zake, tangu kuzaliwa hadi uzee. Mwenye shida ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu apige simu kabla ajue njia ya kupandia. Picha za watu wa Kenya alizochora Joy Adamson kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 zinataka subira kwa sababu mwanga wake ni hafifu. Haukufifishwa kwa kubana umeme. Rangi ya maji kwenye karatasi hupauka kwa kila saa ya mwanga, na iliyopauka hairudi. Ndiyo maana flashi hukatazwa. Simama dakika mbili macho yazoee, kisha utaona nyuzi za shanga moja moja.

Bustani ya Nyoka, iliyofunguliwa mwaka 1961, iwe ya mwisho. Nyoka hupata joto lake kutoka nje ya mwili, kwa hiyo asubuhi ya baridi chatu na swila hulala kama kamba na watoto hudai wamekufa. Baada ya saa sita, jua likiwa limepanda, huanza kujisogeza. Usigonge kioo: nyoka huhisi mtikisiko, na akishambulia huumiza pua na meno yake.

Kwa watoto, dakika 90 zatosha, bustani ikiwemo. Kila mtoto apewe kitu kimoja cha kuchora na swali moja la kumletea mkubwa. Mwalimu wa shule ya dini azungumze na wazazi kabla kuhusu chumba cha chimbuko la binadamu. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga maonyesho hayo hadharani, na watoto huuliza maswali hayohayo mbele ya mafuvu. Ni afadhali mwalimu awe ameshaamua atakavyojibu kuliko kuwavuta watoto watoke mbio. Mpenda sanaa ambaye hajatosheka ashuke mjini, pembeni mwa Nyayo House, kwenye Nairobi Gallery: mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, uko hapo, na ni nyumba ndogo, hauhitaji zaidi ya saa moja.