Kubainisha Uhamisho wa Fedha kwa TLA+ Kabla ya Kuandika Msimbo

Anayetengeneza programu ya kuhamisha fedha baina ya akaunti mbili hana budi kuandika kwanza, kwa lugha ya hisabati, mambo ambayo hayapaswi kutokea kamwe. TLA+, lugha iliyobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, inaifaa kazi hiyo kwa kuwa hueleza mfumo kama mfuatano wa hali, na ina kikaguzi kiitwacho TLC kinachopitia kila hali inayoweza kufikiwa katika mfano mdogo utakaokipa.

Anza na vigeu viwili: salio la kila akaunti, na fedha zilizo njiani, yaani zilizokwisha kukatwa upande mmoja lakini hazijaingia upande wa pili. Kisha andika kanuni mbili za kudumu: salio lolote lisishuke chini ya sifuri, na jumla ya masalio pamoja na fedha zilizo njiani isibadilike.

Panapohitaji uangalifu kuliko pote ni katika kugawa vitendo, yaani hatua zinazoutoa mfumo hali moja hadi nyingine kwa mkupuo mmoja. Ikiwa msimbo wako utasoma salio, uhakikishe kwamba linatosha, kisha ndipo ulikate, usiandike mambo hayo kuwa kitendo kimoja, kwani katikati yake ombi jingine laweza kupenya. Ipe TLC akaunti yenye 10, akaunti tupu ya kupokea, na maombi mawili ya 8 kila moja. Itakuonyesha, hatua kwa hatua, maombi yote mawili yakikuta 10, yote yakikubaliwa, na salio likiishia -6, ilhali kanuni ya jumla haikuvunjika hata kidogo. Kwa hiyo kanuni moja pekee haitoshi.

Majaribio ya kawaida huzikosa kasoro za namna hii kwa urahisi. Mwaka 2015 wahandisi wa Amazon walieleza kwamba TLA+ ilifichua katika DynamoDB, hifadhidata ya kampuni hiyo, kosa lililohitaji hatua 35 ili kujitokeza, baada ya kupita bila kuonekana katika mapitio ya usanifu, mapitio ya msimbo na majaribio.

Sasa unganisha ukaguzi na ukataji kuwa kitendo kimoja, endesha TLC upya, na uhakikishe kwamba msimbo unavifanya vyote viwili ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata unaoifunga akaunti hiyo. TLC haisomi msimbo wako, hivyo ulinganisho huo ni wajibu wako. Baada ya hapo ongeza kitendo kingine: mtandao umekatika, na agizo la kuingiza fedha limetumwa mara ya pili. Ikiwa hukuweka namba ya kutambulisha kila uhamisho, safari hii kanuni itakayovunjika ni ya jumla.