Impreza ya turbo ya miaka ya 90: namna ya kuiweka sawa ukiwa nyumbani

Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa sisi wenye Subaru Impreza za turbo za kizazi cha kwanza, zilizoundwa kati ya 1992 na 2000, maana yake ni kwamba hazitaongezeka tena. Zilizopo ndizo hizo. Kila injini inayouawa kwa pupa inapunguza hesabu, na mimi huumia kila ninapoona moja imekaliwa na kuku nyuma ya gereji.

Yangu ni ya 1997. Nimekuwa nayo miaka tisa hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, na kazi zake karibu zote nazifanyia uani chini ya mwembe. Gari hili lina utaratibu wake: kwanza upozaji na oili, kisha mkanda wa taimingi unaoendesha valvu za injini, kisha matairi na breki, na nguvu mwisho kabisa. Vijana wengi wanaanza na ekzosti ya kelele na kuongeza presha ya turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), huku mpira wa maji uliotoka nao kiwandani bado uko palepale. Fuata utaratibu huu hata kama mkono unawasha.

Neno moja kuhusu usalama kabla ya spana. Ua wenye udongo mwekundu hulainika baada ya mvua, na stendi ya jeki huzama bila kutoa sauti. Weka ubao mnene chini ya kila stendi, ziba magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, kisha lisukume gari kwa bega kabla hujaingia uvunguni. Usilale kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Hatua ya kwanza: lisome gari

Chukua tochi ukague kutu. Kwenye Impreza hizi kutu hupenda kingo za juu ya magurudumu ya nyuma, na pale shokabzoba ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Vua zulia la buti uone pande zote mbili. Gari lililoishi sehemu za Japani zenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huenda lilitua hapa likiwa limeshaliwa tayari chini ya rangi inayong'aa.

Kisha washa injini mpaka ipate moto, fungua kifuniko cha chupa ya plastiki ya maji ya akiba (si cha rejeta, utaungua uso), umwombe mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Angalia ndani ya chupa. Viputo vichache mwanzoni si neno. Viputo visivyokoma, kama sufuria ya chai, ni moshi wa silinda unaopenya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Hapo acha mipango mingine yote, injini itoke.

Hatua ya pili: maji

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta pamoja na kulanti (dawa ya kupoza injini) uliyochanganya. Kwa hiyo kifuniko kilichochoka, ambacho wengi hukiona kitu kidogo, kwetu ni kifo cha injini. Ongeza na foleni ya Jinja Road jioni, gari limesimama nusu saa na upepo hakuna.

Badilisha mipira yote ya maji kwa pamoja, kifuniko, na themostati. Themostati ya Subaru iko chini, pale mpira wa chini unapoingia kwenye pampu ya maji. Nunua ya asili au yenye ukubwa uleule wa mlango. Zipo za bei rahisi zenye mlango mwembamba, na hizo huwezi kuzijua mpaka siku ya kupanda mlima. Feni zote mbili ziwake zenyewe injini ikipata moto. Ikiwa fundi fulani aliziunganisha na swichi ya mkono kwenye dashibodi, rudisha waya zake za asili.

Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji safi. Kuyajaza kunataka subira, kwa sababu silinda za injini hii zimelala, mbili kila upande, na hewa hupenda kujificha. Inua pua ya gari kidogo, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho. Jaza polepole kupitia tangi dogo lililo juu ya injini, huku ukiminya mpira wa juu kwa mkono. Skrubu ikitoa maji bila kukohoa, ifunge. Washa, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili, zima, acha ipoe kabisa, ongeza tena. Nikimaliza kazi hii jioni, asubuhi nakuta kiwango kimeshuka. Ni kawaida.

Hatua ya tatu: oili

Injini hii, EJ20, hufa zaidi kwa beringi za krank (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kukosa oili kuliko kwa uzee. Turbo nayo hulainishwa na oili hiyohiyo. Mimi natumia 10W-40, karibu lita 4 na nusu pamoja na filta, na namwaga kila kilomita 5,000 bila kujadiliana. Pima kijiti kila unapotia petroli, gari likiwa mahali tambarare. Ukitoka kuendesha kwa nguvu, usizime papo hapo. Iache ingurume dakika moja hivi ili oili iipoze turbo.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mfereji wa Nakivubo hutiririkia ghuba ya Murchison, na kutoka ghuba hiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakochota maji yanayofika kwenye bomba zetu. Weka kwenye jerikeni, wapo wanaoikusanya kwenye gereji kubwa.

Hatua ya nne: mkanda wa taimingi

Hapa twende taratibu. Ukilinunua gari na hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana.

Ondoa waya hasi wa betri, toa maji, toa feni na rejeta yenyewe. Watu huiacha rejeta ili kuokoa nusu saa, halafu wanaitoboa kwa spana. Ondoa mikanda ya nje. Bolti ya puli ya krank ni ya milimita 22 na imekazwa hasa: tia gia ya tano, mke wangu hukaa ndani akakanyaga breki, nami navuta kwa spana yenye bomba refu. Vifuniko vya plastiki vinashikwa na bolti za milimita 10. Nyingine huzunguka bure kwa sababu kikombe chake kimeng'oka ndani ya plastiki. Usizivunje kwa hasira, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na usubiri.

Sasa alama. Kwenye gia ya krank kuna mshale mbele, na kuna mstari mdogo kwenye jino la nyuma. Unaotumika ni ule mstari mdogo, uwe juu kabisa, sawa na alama iliyo kwenye pampu ya oili. Mshale si wako. Fundi niliyemwachia kazi hii mara ya kwanza alifuata mshale. Alipopiga stata nilisikia mlio mkavu, kama kijiti kinachoburutwa kwenye uzio wa chuma, na valvu zilikuwa zimepinda. Miezi minne gari lilikaa bila hedi. Tangu siku hiyo naifanya mwenyewe.

Sasa kamu, mihimili inayofungua valvu: kila upande wa injini una gia mbili. Mistari miwili ya gia ya juu itazamane na mistari miwili ya gia ya chini, na mstari mmoja wa gia ya juu ukae kwenye alama ya kifuniko cha nyuma. Ukifika hapo pistoni zote ziko katikati ya safari yake, kwa hiyo zenyewe haziwezi kugusa valvu. Lakini upande wa kushoto wa injini, kamu zinasukumwa na springi na zinaweza kuruka mkanda ukitoka, valvu za kuingiza na za kutoa zikagusana. Mkono wako usiwe kati ya gia, na gia ikiruka irudishe kwa njia iliyopita, usiizungushe duara zima. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua tenshena, kile kifaa kinachokaza mkanda.

Mkanda ukitoka, zungusha kila roli kwa kidole. Roli nzuri haina sauti na haina mchezo. Inayoanza kuchoka mara nyingi ni ile yenye meno. Mimi sibakishi hata moja: roli zote, tenshena, mkanda, pampu ya maji iliyo nyuma ya mkanda, na sili za mbele kama zinalowa. Kufungua mara ya pili ni siku nyingine nzima.

Spea hizi utazipata Kisekka au Ndeeba. Nenda na ya zamani mkononi, hesabu meno ya mkanda mpya na wa zamani palepale kaunta, na usione haya kumwomba muuzaji akuletee boksi jingine. Roli isiyo na jina wala namba iliyochongwa kwenye chuma, irudishe.

Tenshena ibanwe kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, polepole mno, zungusha kidogo, subiri, zungusha tena. Ukiikimbiza, sili yake ya ndani inapasuka. Tundu likionekana chomeka pini. Vaa mkanda ukilinganisha mistari yake na alama za gia, kaza, kisha vuta pini. Zungusha krank kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama za gia zote lazima zirudi mahali pake. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi, usiogope. Ukihisi kitu kigumu njiani, simama, fungua, anza upya.

Hatua ya tano: mipira midogo na petroli

Badilisha mipira ya petroli iliyo juu ya injini. Mpira wa umri huu hupasuka kwenye klipu, na petroli ikidondokea chuma cha moto unapoteza gari na labda nyumba. Ile midogo ya presha inayokwenda kwenye turbo nayo ibadilishe yote. Mmoja ukichomoka, turbo hupandisha kuliko inavyotakiwa.

Gari la soko la Japani lilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya kwao, 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Tia ile ya daraja la juu kila mara, na ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo ukipanda mlima, ondoa mguu. Kugonga huko huvunja kingo za pistoni.

Hatua ya sita: matairi, breki, chini ya gari

Matairi manne yawe ya saizi moja, aina moja, na yaliyolika sawa. Gari huvuta kwa magurudumu yote manne, na tairi moja kubwa kuliko mengine hufanya difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika hadi ife. Kununua tairi moja la mtumba ni hasara. Giaboksi na difu ya mbele hutumia oili moja, lita 4 za 75W-90, na giaboksi yenyewe si imara: usiachie klachi kwa kishindo mbele ya marafiki.

Usilishushe gari. Matuta yetu na mashimo yetu yatakula sampu ya oili. Tia bushi mpya na shokabzoba nzuri kwa kimo chake cha asili, utashangaa linavyoshika kona. Breki zipewe mafuta mapya ya DOT 4 kila baada ya miaka miwili, maana hunyonya unyevu. Ukitaka breki kubwa, zile za pistoni nne za Subaru za baadaye zinaingia mbele, ila zinadai rimu ya inchi 16.

Hatua ya saba: nguvu

Sasa ndiyo. Weka kwanza geji ya presha ya turbo, ya joto la oili, na ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ndipo uguse kitu. Ekzosti pana naipenda, na mafundi wa kuchomelea wa Katwe wanaipinda vizuri ukiwapeleka na kipimo. Lakini ekzosti ikifunguka turbo nayo hupanda, na kompyuta ya asili ya injini haikupangwa kwa hilo. Asiyeweza kukuonyesha namba za mchanganyiko wakati gari linavuta asiguse kompyuta yako. Kila kipande cha asili unachotoa, kifunge kwenye gunia, kiandike, kihifadhi.

Kazi ikiisha, mimi hutoka asubuhi na mapema, foleni ikiwa bado, kuelekea Mukono. Sipiti mizunguko 4,000. Nafika Namawojjolo, naegesha, nafungua boneti, nakunja shati na kutazama chini ya injini kwa tochi: sili ya krank, mipira ya maji, muungano wa ekzosti na turbo. Nanunua gonja na kuku, nakula nimesimama palepale, natazama tena. Kukiwa kukavu, naendelea hadi msitu wa Mabira.