Jinsi ya kukagua jozi ya rivolva za fataki zenye nakshi kabla hujatoa hela

Colt Navy moja (rivolva ya kampuni ya Kimarekani ya Colt) yenye nakshi ni mali. Mbili zilizotoka kiwandani pamoja na kulala kwenye kasha moja tangu miaka ya 1850, bei yake hupaa kuliko kuzijumlisha moja moja. Hapo ndipo wajanja wanapopatia riziki: bastola moja inanunuliwa huku, ya pili kule, kasha linaokotwa kwa muuza samani kuukuu, kisha unaletewa "jozi". Nitatumia Navy ya 1851 kwa sababu ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Hartford, Connecticut, walitengeneza zaidi ya 200,000, na kiwanda cha Colt cha London (1853–1856) kikaongeza kama 40,000.

Hatua ya 1: Hakikisha haina kitu ndani

Hili halina mjadala. Baruti nyeusi iliyobaki kavu huwaka hata baada ya miaka mia na hamsini, na bastola nyingi za zamani ziliwekwa kando zikiwa zimejazwa. Ondoa fataki yoyote (kikofia kidogo cha kuwashia baruti) iliyobaki juu ya chuchu, kijimrija cha nyuma ya silinda kinachovishwa fataki. Pitisha ufito wa mbao mdomoni mwa mtutu, tundu kwa tundu la silinda, kisha upime kwa nje: ufito unapaswa kufika karibu na chuchu. Ukikwama mapema, mna risasi. Usichokonoe, mpelekee fundi bunduki.

Hatua ya 2: Fungua, soma namba

Pandisha nyundo nusu. Sukuma kabari inayoshikilia mtutu kutoka kulia kwenda kushoto. Ikikaza, igonge taratibu kwa kipande cha mbao, kamwe si chuma kwa chuma. Mtutu utatoka kwa mbele, silinda itafuata. Sasa soma namba ya kiwanda: chini ya mtutu, kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio, kwenye ukanda wa nyuma wa mpini, kwenye silinda, na hata kwenye kabari yenyewe. Zote zifanane. Muuzaji atakwambia kabari hupotea, na ni kweli. Silinda haipotei hivi hivi.

Baada ya hapo linganisha bastola na mwenzake. Namba zinazofuatana ni bahati kubwa. Mfano unaojulikana ni Dragoon mbili (rivolva kubwa za Colt) zilizotiwa dhahabu, namba 12406 na 12407: ya kwanza ipo Metropolitan Museum ya New York, ya pili alipewa Tsar Nicholas I wa Urusi. Namba zilizo karibu karibu nazo zinakubalika. Ila ukiona moja ni ya 1853 na nyingine ya 1861, huyo anakuuzia bastola mbili, siyo jozi.

Hatua ya 3: Nakshi

Wanaoanza huangukia hapa. Kila Navy ina picha ya vita vya majini kwenye silinda, ya tarehe 16 Mei 1843, Texas na Meksiko. Picha hiyo ilichorwa na Waterman Ormsby, kisha ikawa inagandamizwa kiwandani kwa rola, silinda baada ya silinda. Siyo nakshi ya mkono, kwa hiyo usiilipie bei ya nakshi.

Nakshi ya mkono itafute kwenye fremu, ubavuni mwa mtutu na kwenye nyundo. Kazi za miaka ya 1850 zinazohusishwa na Gustave Young, fundi Mjerumani aliyehamia Hartford, utazijua kwa majani yanayojiviringa juu ya mandhari ya nukta nukta, na mara nyingi kichwa cha mnyama kwenye nyundo. Shika lenzi, ulaze mwanga ubavuni. Kiwandani chuma kilitiwa nakshi kwanza, rangi ya bluu ikafuata. Kwa hiyo bluu hufutika kwenye miinuko, ikabaki ndani ya mifereji. Ukikuta mifereji inang'aa nyeupe huku juu pamekuwa kahawia, patasi imepita juzi. Na mstari ukikata katikati ya shimo la kutu bila kuyumba, kutu ilitangulia.

Kisha weka bastola zote mbili ubavu kwa ubavu. Mkono ni uleule, lakini majani hayawezi kufanana jani kwa jani, kwa kuwa hakuna aliyechora kwa karatasi ya kunakilia. Zikifanana mno, mimi huondoka.

Hatua ya 4: Kasha

Kasha ndilo rahisi kughushi, ndiyo maana nalipa muda mrefu kuliko bastola. Toa kila kitu, kisha tazama kitambaa. Chuma kilicholala mahali pamoja miaka yote hiyo huacha kivuli chake: ncha ya nyundo, duara la silinda, doa la kijani palipogusa shaba. Rudisha bastola moja moja uone kama inaingia kwenye kivuli chake. Washa taa ya urujuanimno (UV) gizani; nyuzi na gundi za kisasa mara nyingi hung'aa.

Jozi kwa kawaida ilikuwa na seti moja ya vifaa: kalibu ya risasi yenye matundu mawili (ya mviringo na ya ncha), chupa ya baruti, bisibisi yenye ufunguo wa chuchu, na kopo la fataki, mara nyingi la Eley wa London. Kopo hubadilishwa kirahisi, usilipie bei ya ushahidi.

Hatua ya 5: Karatasi

Kumbukumbu za Colt za enzi ya fataki zina mapengo, na ofisi za Hartford ziliungua Februari 1864. Ukiambiwa "barua ya kiwanda ipo", yaani barua ya Colt inayoeleza bastola ilivyotoka kiwandani, isome mwenyewe.

Mipini ya pembe za ndovu ni kesi nyingine. Karne ile pembe za Zanzibar zilishuka kwa wingi Connecticut hiyohiyo, viwanda vya Ivoryton na Deep River vikizichonga vitufe vya piano. Leo Uingereza na Marekani zinabana biashara yake, na kuvusha mpaka bila kibali ni kosa. Silaha zenyewe, sheria ya shirikisho ya Marekani huzihesabu za kale zikiwa zimetengenezwa kabla ya 1899, ila majimbo yana yake. Tanzania na Kenya usidhani umri unakusamehe, anzia polisi.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Usisugue kitu. Nta nyembamba ya kuhifadhia chuma inatosha, na unyevu usizidi asilimia 50. Makasha ya London mara nyingi ni ya mwaloni, na mbao hiyo hutoa mvuke wenye asidi unaogeuza risasi kuwa unga mweupe. Unga huo ni sumu: vaa glavu, hamishia risasi kwenye kichupa chenye kifuniko, na uandike zilitoka kwenye kasha lipi.